Nani Hasa Alizaliwa au Kufa Tarehe 23 Aprili?

Kila tarehe 23 Aprili dunia huadhimisha Siku ya Vitabu na Hakimiliki. UNESCO iliipitisha mwaka 1995, na sababu iliyotolewa inavutia: tarehe hiyo, mwaka 1616, ndiyo waliyofariki William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania, vigogo wawili wa fasihi ya dunia. Inca Garcilaso de la Vega, mwandishi mzaliwa wa Cusco, Peru, naye hutajwa pamoja nao. Orodha nyingi za "siku kama ya leo" huongeza kwamba Shakespeare alizaliwa 23 Aprili pia, mwaka 1564, kwa hiyo alikata roho siku ileile aliyotimiza miaka 52.

Ukiyakagua madai hayo moja moja, linalosimama imara ni moja tu: Shakespeare alifariki siku ambayo watu wa mji wake waliiita 23 Aprili. Cervantes hakufa siku hiyo. Alitangulia kwa siku kumi na moja. Na siku aliyozaliwa Shakespeare haikuandikwa popote. Hata hivyo hakuna aliyekaa chini akatunga uongo. Kila kosa lilipita njia yake hadi likafika kwenye orodha, na njia hizo ndizo zinazofaa kueleweka, kwa sababu zinapita katika kila siku ya mwaka.

Tuanze na vifo. Shakespeare alifariki Stratford-upon-Avon siku ya Jumanne. Cervantes alizikwa Madrid siku ya Jumamosi. Tarehe ni moja na mwaka ni mmoja, lakini siku za juma ni mbili tofauti. Jambo kama hilo haliwezekani mpaka ukumbuke kwamba mwaka 1616 Uingereza na Hispania zilikuwa zikitumia kalenda mbili.

Kalenda ya zamani ni ile ya Juliasi, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo kwa amri ya Julius Caesar. Iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo. Hesabu hiyo ni nzuri, ila imezidi kidogo, kwani mwaka wa jua ni siku 365.2422. Tofauti yake ni dakika 11 hivi. Dakika 11 kwa mwaka hazimsumbui mtu, lakini kila baada ya miaka 128 zinakuwa siku nzima. Mwaka 325, ulipofanyika Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana iliangukia tarehe 21. Kufikia karne ya 16 ilikuwa imerudi nyuma hadi tarehe 11, na Pasaka, inayohesabiwa kutoka hapo, ilikuwa ikiteleza pamoja nayo. Papa Gregori XIII aliamua kukata mzizi wa fitina: mwaka 1582, baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuata Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Siku kumi zikafutwa. Tangu hapo miaka ya mwisho wa karne haiwi mirefu, yaani ya siku 366, isipokuwa inagawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1600 na 2000 ilikuwa mirefu, lakini 1700, 1800 na 1900 haikuwa.

Mtawa Teresa wa Avila alifariki Alba de Tormes, Hispania, usiku uleule wa mabadiliko. Alikata roho tarehe 4 Oktoba na akazikwa siku iliyofuata, tarehe 15 Oktoba. Msomaji asiyejua kisa hiki atadhani maiti ilikaa siku kumi na moja bila kuzikwa.

Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia ziliifuata amri ya Papa mara moja. Uingereza ya Kiprotestanti ilikataa, ikaendelea kukataa kwa miaka 170. Ilikubali mwaka 1752, Jumatano ya 2 Septemba ilipofuatwa na Alhamisi ya 14 Septemba. Kwa hiyo mwaka 1616 saa ileile Stratford iliposema 23 Aprili, Madrid ilikuwa imeshafika 3 Mei.

Hata tarehe ya Cervantes yenyewe ina walakini. Daftari la parokia ya San Sebastián mjini Madrid limeandika 23 Aprili, na kwa karne nyingi watu waliichukua kuwa siku ya kifo. Madaftari ya aina hiyo yalishughulika na maziko, maana maziko ndiyo kazi ya parokia. Wataalamu wengi leo wanakubali kwamba Cervantes alifariki tarehe 22 na kuzikwa tarehe 23.

Kwa kuzaliwa hali ni ngumu zaidi. Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliamuru mwaka 1538 kwamba kila parokia ya Uingereza iwe na daftari, na lililotakiwa kuandikwa ni ubatizo, ndoa na maziko. Mtoto aliingia katika maandishi siku alipofikishwa kanisani. Daftari la kanisa la Utatu Mtakatifu, Stratford, lina mstari wa tarehe 26 Aprili 1564 unaosema kwa Kilatini kwamba William mwana wa John Shakespeare amebatizwa. Hakuna zaidi. Watoto walibatizwa wakiwa na siku chache tu, basi kazi ikabaki kukisia: siku tatu kabla, au nne, au mbili? Kuna ushahidi mmoja mdogo unaosaidia. Mnara wa kumbukumbu uliopo ndani ya kanisa hilohilo unasema alifariki tarehe 23 Aprili 1616 akiwa katika mwaka wake wa 53. Mtu aliyeingia mwaka wa 53 siku hiyo lazima awe alizaliwa 23 Aprili au kabla yake. Kwa hiyo 23 inawezekana, na 22 au 21 nazo zinawezekana vilevile.

Kilichoipa ushindi tarehe 23 ni Mtakatifu George, msimamizi wa Uingereza, ambaye sikukuu yake ni siku hiyo. Mshairi wa taifa azaliwe siku ya mtakatifu wa taifa, nani angepinga? Mchoraji J. M. W. Turner naye alisema alizaliwa 23 Aprili 1775. Tunachokiona kwenye maandishi ni ubatizo wake wa 14 Mei mwaka huo. Siku yenyewe tunaipokea kwa kinywa chake. Siku yenye jina kubwa huwavuta watu kuiegemea, na kadiri wanavyozidi kuiegemea ndivyo jina linavyozidi kukua. Cervantes pia alivutwa na mtakatifu: alibatizwa Alcalá de Henares tarehe 9 Oktoba 1547, na kwa kuwa aliitwa Miguel, wengi hukisia kwamba alizaliwa 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli. Hispania ilipoanza kuadhimisha siku ya kitabu mwaka 1926 iliiweka 7 Oktoba, kwa kukisia tu siku ya kuzaliwa Cervantes, kisha mwaka 1930 ikaihamishia 23 Aprili.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote cha tarehe hii kinatoka Urusi. Mwandishi Vladimir Nabokov alizaliwa St. Petersburg tarehe 10 Aprili 1899, kwa kalenda ya Juliasi ambayo Urusi iliendelea kuitumia hadi 1918. Katika karne ya 19 kalenda hizo mbili zilipishana kwa siku 12, kwa hiyo kwa kalenda ya Gregori alizaliwa 22 Aprili. Lakini mwaka 1900 ulikuwa mrefu kwa Juliasi na haukuwa mrefu kwa Gregori, pengo likawa siku 13. Kuanzia hapo, familia iliyosherehekea tarehe 10 Aprili ya Kirusi ilikuwa ikisherehekea 23 Aprili ya Ulaya Magharibi. Nabokov akakua akiihesabu 23 kuwa siku yake, siku moja na Shakespeare, na baadhi ya orodha bado humweka hapo. Mtoto alizaliwa mara moja, ila sikukuu yake ilihama bila yeye kuiomba. Makanisa ya Kiorthodoksi yanayoshika Juliasi yanaishi na jambo hilohilo: Mtakatifu George wao wa 23 Aprili huangukia 6 Mei, na kuanzia mwaka 2100, pengo litakapofika siku 14, ataangukia 7 Mei.

Mrusi mwingine wa tarehe hii ni mtunzi wa muziki Sergei Prokofiev. Yeye mwenyewe aliamini alizaliwa 11 Aprili 1891 ya Juliasi, yaani 23 Aprili. Baada ya kufa kwake kikapatikana cheti cha kuzaliwa kinachosema 15 Aprili, ambayo ni 27 Aprili. Maisha yote mtu aliikosea siku yake kwa siku nne, jambo lisiloshangaza ukifikiri vizuri, kwani hakuna hata mmoja wetu anayeikumbuka siku aliyozaliwa. Tunaambiwa tu.

Sasa tuje kwenye tatizo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika orodha hizi, na halisemwi. Kamusi elezo na vitabu vya marejeo havina kanuni moja ya kubadilisha tarehe. Kwa Waingereza wa kabla ya 1752 desturi ni kuiacha siku kama ilivyoandikwa, huku mwaka ukihesabiwa kuanzia 1 Januari. Kwa Warusi wa karne ya 19 desturi ni kuibadilisha siku iwe ya Gregori. Kwa Wahispania na Wafaransa wa karne ya 17 tarehe ilikuwa ya Gregori tangu mwanzo. Kisha wote hawa wanapangwa kwenye orodha moja, mstari juu ya mstari, kana kwamba walisoma kalenda iliyotundikwa kwenye ukuta mmoja.

Mfano mzuri ni ule usemi wa kwamba Isaac Newton alizaliwa mwaka aliofariki Galileo Galilei. Galileo alifariki Arcetri, karibu na Firenze, tarehe 8 Januari 1642 ya Gregori. Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya 1642, ila hiyo ni Krismasi ya Juliasi. Ukiwaweka wote kwenye kalenda ya Gregori, Newton alizaliwa 4 Januari 1643. Ukiwaweka wote kwenye Juliasi, Galileo alifariki 29 Desemba 1641. Hakuna kalenda hata moja inayowakutanisha katika mwaka mmoja. Wanakutana tu ukimhesabu huyu kwa kalenda hii na yule kwa kalenda ile.

Kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, hata mwaka ulibadilika. Kwa kalenda ya zamani alizaliwa 11 Februari 1731. Wakati huo Uingereza na makoloni yake zilianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuwa bado ndani ya mwaka uliotangulia. Baada ya mabadiliko ya 1752, siku yake ikawa 22 Februari 1732, na hiyo ndiyo inayoadhimishwa Marekani.

Kuna pia tarehe zinazohama kwa asili yake. Simulizi moja kuhusu mchoraji Raffaello inasema alizaliwa Ijumaa Kuu na kufa Ijumaa Kuu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1520, alipofariki, ilikuwa 6 Aprili. Ile ya 1483, alipozaliwa, ilikuwa 28 Machi. Ukiifuata sikukuu anazaliwa Machi. Ukiyafuata maandishi ya kaburi lake, yanayosema kwamba alifariki siku aliyozaliwa, anazaliwa 6 Aprili. Wanahistoria hawajaafikiana mpaka leo.

Kalenda ya Hijria nayo ina hesabu yake. Mwaka wake una upungufu wa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, ndiyo maana Maulidi ya mwezi 12 Mfungo Sita huzunguka katika misimu yote. Siku ya Hijria huanza jua linapotua, na mwezi huanza kwa kuandama. Mwanahistoria Ibn Khaldun alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani 732. Vitabu huandika 27 Mei 1332, na tarehe hiyo ni ya Juliasi, kwa kuwa Gregori haikuwapo. Aliyezaliwa usiku wa kuamkia siku hiyo angekuwa wa 26 Mei kwa hesabu ya Kizungu na wa 1 Ramadhani kwa hesabu ya kwao. Na kama mwezi ulionekana mapema au kuchelewa kwa usiku mmoja, tarehe nzima inasogea.

Mpaka hapa makosa yote hayana mwenyewe. Lakini wapo waliobadilisha kwa kukusudia. Daftari la kanisa la Gori, Georgia, linaonyesha kwamba Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovyeti, alizaliwa 6 Desemba 1878 ya Juliasi, yaani 18 Desemba. Yeye alitumia 21 Desemba 1879, na mwaka 1929 dola nzima ilisherehekea miaka 50 yake kwa tarehe hiyo. Mwanamuziki wa jazi Louis Armstrong alisema siku zote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani na mwaka wa mviringo. Miaka ya 1980, baada ya kifo chake, ilipatikana kumbukumbu ya ubatizo wake New Orleans, inayosema alizaliwa 4 Agosti 1901. Kwa Armstrong sioni hila yoyote. Mtoto maskini aliyelelewa bila cheti alijichagulia siku nzuri, na ni haki yake.

Basi vipi kuhusu sadfa za kweli? Zipo. Charles Darwin na Abraham Lincoln walizaliwa siku moja, 12 Februari 1809. Tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili baada ya Tangazo la Uhuru wa Marekani, Thomas Jefferson na John Adams walifariki wote wawili, mmoja Virginia na mwenzake Massachusetts, wakipishana kwa saa chache. Miaka mitano baadaye, tarehe hiyohiyo, James Monroe akawafuata. Marais watatu kati ya watano wa kwanza! Watu wa wakati huo waliona mkono wa Mungu.

Hesabu inapunguza mshangao bila kuumaliza. Adams alikuwa na miaka 90 na Jefferson 83, wote wagonjwa, na waliomuuguza Jefferson waliandika kwamba alikuwa akiuliza kama tarehe 4 imefika. Halafu James Madison, rais mwenzao, alifariki 28 Juni 1836, siku sita tu kabla ya sikukuu, na kwa sababu hiyo hatajwi kamwe katika mazungumzo haya. Waliokosa tarehe kwa siku chache tunawasahau, tunabaki na waliolenga. Katika kundi la watu 23 waliokutana ovyo, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa tayari unapita nusu. Kila siku duniani huzaliwa watu zaidi ya laki tatu na nusu na kufa zaidi ya laki moja na nusu. Itakuwa ajabu zaidi kupata siku ya mwaka isiyo na sadfa yoyote.

Kufa siku moja kuna gharama yake pia, na hili hunigusa. Prokofiev, yuleyule wa cheti, alifariki Moscow tarehe 5 Machi 1953, siku aliyofariki Stalin. Nyumba yake ilikuwa karibu na Uwanja Mwekundu, umati wa waombolezaji ukaziba njia, na mwili wake ukakwama nyumbani. Magazeti yalichelewa kwa siku kadhaa kutoa habari zake. Tarehe 22 Novemba 1963 waandishi C. S. Lewis na Aldous Huxley walifariki siku aliyouawa Rais John F. Kennedy, na vifo vyao vikapita karibu kimya.

Tarehe za sasa zina uhakika zaidi kwa sababu serikali zilichukua kazi ya kuandikisha kutoka kwa makanisa: Ufaransa mwaka 1792, Uingereza na Wales mwaka 1837. Hata hivyo tarehe hubaki kuwa ya mahali. Mtoto anayezaliwa Tokyo saa saba usiku wa 24 Aprili na anayezaliwa Los Angeles wakati huohuo, saa tatu asubuhi ya 23 Aprili, wana umri sawa kwa dakika na sikukuu mbili tofauti. Na uandikishaji haujawafikia wote. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto milioni 150 hivi wenye umri chini ya miaka mitano hawajasajiliwa. Wakimbizi na wahamiaji wengi wasio na cheti hupewa 1 Januari katika hati zao. Orodha za kuzaliwa na kufa zimejaa wafalme, wanaume na watu wa Ulaya kwa sababu hao ndio walioandikwa, na anayezitunga akiwa mkweli hana budi kulisema hilo.

Dawa ipo na ni nyepesi: andika unachokijua jinsi unavyokijua. Wikidata, hazina ya data inayotumiwa na kamusi elezo nyingi, ina nafasi ya kutaja kalenda ya kila tarehe na kiwango cha uhakika wake, kama ni siku, mwezi, mwaka au karne. Kwenye orodha ya kawaida maneno mawili matatu yanatosha: "alibatizwa 26 Aprili", "alizikwa 23 Aprili", "kwa Juliasi". Wale ambao ushahidi wao hauna utata waandikwe bila maelezo yoyote: mwanafizikia Max Planck aliyezaliwa Kiel mwaka 1858, mshairi William Wordsworth aliyefariki mwaka 1850, mshairi Rupert Brooke aliyefariki ndani ya meli ya hospitali karibu na kisiwa cha Skyros mwaka 1915, mwongozaji wa filamu Satyajit Ray aliyefariki Kolkata mwaka 1992, na Boris Yeltsin, rais wa zamani wa Urusi, aliyefariki Moscow mwaka 2007. Hao ni wa 23 Aprili kweli.